Kwani Kura ni Maziwa Ziharibike?

Benchi letu zamani lilikuwa mlango. Tundu la kitasa lipo mpaka leo, na anayekaa katikati lazima alizibe kwa makalio yake, ndiyo maana pale katikati hapagombewi. Limewekwa mbele ya kibanda cha kahawa cha shangazi yangu, kwenye kona ambapo barabara ya lami inakutana na uchochoro wa mafundi: kulia fundi friji, kushoto mshona viatu, nyuma mpiga pasi, na mbele ya wote mimi, mchora vibao namba moja wa mtaa huu na mingine mitatu. Jina langu la kazi ni Brashi. Shule niliiacha darasa la sita, na nasikia walimu hawajacheka tena tangu siku hiyo. Kila kibanda kwenye kona hii kina alama mbili ukutani. Moja ni kazi yangu, jina la duka kwa rangi safi na herufi zenye kivuli. Nyingine ni ya manispaa, X kubwa nyekundu, imepakwa na mtu asiyejua hata kushika brashi, rangi imechuruzika mpaka chini kama pua ya mtoto. X maana yake bomoa. Mtoto wa mtaa huu kabla hajajua A anaijua X. Na juu ya benchi, kimening'inizwa kwa waya, kipo kibao changu cha uchaguzi. Hicho nitakuja kukieleza taratibu, maana kinastahili.

Ilikuwa saa nne asubuhi na hakuna aliyekuwa anafanya kazi. Redio ya Barafu ilikuwa juu ya friji bovu, nasi sote tumeikodolea macho kana kwamba ina picha. Barafu ndiye fundi friji. Tunamwita hivyo kwa sababu hana ubaridi hata chembe, damu yake inachemka kabla ya maji ya chai. Bunge lina viti mia moja themanini na kimoja. Bunge lililopita Chama cha Kufuli walikuwa na viti mia na thelathini, wakawa wanapitisha sheria kama mtu anayepitisha kitana kwenye nywele laini. Mara hii wananchi waliwachapa. Mpaka jana Kufuli walikuwa na tisini, Chama cha Ngazi tisini, na kiti kilichobaki nchi nzima, kimoja tu, kilikuwa cha jimbo letu, maana huku walihesabu, wakabishana, wakahesabu tena. Nchi nzima ilikuwa inatusubiri sisi. Sisi! Watu ambao hata gari la taka linatusahau.

Na kila mtu kwenye benchi alijua anasubiri nini. Kufuli wanataka barabara ya njia nane, na muswada wao unasema vibanda vyenye X viondolewe siku thelathini baada ya Bunge kukaa, kila mtu ajitafutie mwenyewe pa kwenda. Ngazi waliahidi kwamba hakuna tingatinga litakalowashwa mpaka kila mwenye kibanda aonyeshwe kiwanja kingine. Shangazi ana miaka ishirini na miwili kwenye kona ile. Mimi nimekulia chini ya meza yake, nikilala kwenye boksi la vikombe. Baba yangu alipokwenda zake bila kuaga, yeye ndiye aliyenilea, na mpaka nimeota ndevu bado ananiita "baba", kwa sababu nimerithi jina la babu.

Basi redio ikasema. Kwetu Kufuli wameshinda kwa kura themanini na tisa. Bunge ni tisini na moja kwa tisini.

Barafu aliipiga redio kofi.

Barafu: Wezi!

Shangazi: Barafu, redio haikugombea.

Barafu: Themanini na tisa, Shangazi! Hao ni watu wa kujaza basi moja na wengine wakaning'inia mlangoni!

Soli: Uchochoro wetu peke yake una watu zaidi ya hao. Niambie nani hapa aliwapa Kufuli kura. Nani? Asimame!

Soli ndiye mshona viatu, mwanachama wa Ngazi wa kufa kupona. Amekata picha ya ngazi kwenye soli za viatu vyake mwenyewe, ukimfuata kwenye vumbi unajua kapita wapi. Aliposema "asimame" alikuwa anamtazama Wakili.

Wakili si wakili. Ni mpiga pasi. Aliwahi kushinda mahakamani siku tatu, na hakuwa upande wa kuuliza maswali. Tangu kampeni zianze amevaa kofia ya Kufuli, anasema ni ya kuzuia jua.

Wakili: Demokrasia imesema. Tuheshimu.

Soli: Imesema nini wewe? Kibanda chako kina X kubwa kuliko yangu!

Wakili: Yangu ni ya kiutaratibu tu.

Barafu: Ya kiutaratibu! Litakuja tingatinga na lenyewe likunyooshe kwa utaratibu, kola kwanza, mikono baadaye!

Wakili: Chama kinanijua. Kadi ninayo.

Soli: Mwonyeshe dereva wa tingatinga. Atazima injini, ashuke, akupigie saluti.

Wakavutana pale mpaka mate yakawa yanaruka. Mimi niliwaacha kwanza. Mtu mwenye habari hakimbilii kuongea. Anasubiri wenzake wachoke. Nilikuwa nimetoka shuleni, ambako ndiko kituo chetu cha kupigia kura, na fomu ya matokeo ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa darasa. Nilizinakili namba kwa kalamu kwenye kiganja.

Mimi: Mmemaliza? Sasa msikilize mtu aliyetembea. Kituo chetu hiki hiki. Kufuli, hamsini na sita.

Soli: Hamsini na sita tu! Sasa tumeshindwaje?

Mimi: Ngazi, mia na tatu.

Barafu: Mia na tatu nini? Brashi, foleni ilianzia shuleni ikaishia kwa muuza mkaa! Niliota magamba miguuni kwa kusimama!

Mimi: Tulia, kaka. Kuna mstari wa tatu. Zilizoharibika, mia mbili na kumi na mbili.

Hata mkaa wa pasi ya Wakili ulisikika ukilia.

Shangazi: Zilizo nini?

Mimi: Zilizoharibika. Ndivyo ilivyoandikwa, kwa herufi kubwa.

Shangazi: Kwani kura ni maziwa?

Hapo ndipo benchi lilipowaka moto. Mia mbili na kumi na mbili! Themanini na tisa tu ndizo zilizotuangusha, na mia mbili na kumi na mbili zetu zimeharibika kama nyanya gengeni. Barafu alisimama, akakaa, akasimama tena.

Barafu: Shangazi umegusa penyewe. Maziwa yanaharibikaje? Joto! Yale masanduku yalikaa wapi? Darasa la bati, madirisha yamefungwa, mchana kutwa. Mimi nina miaka thelathini kwenye kazi ya ubaridi. Kitu chochote ukikifungia mle lazima kiharibike. Mbunge mwenyewe ungemfungia mle angeharibika!

Wakili: Mbona za Kufuli hazikuharibika?

Barafu: Kwa sababu zilikuwa chini! Joto linapanda, ubaridi unashuka, hiyo ni fizikia, usibishane nayo. Za kwetu waliziweka juu.

Wakili: Nani aliziweka juu?

Barafu: Si wao? Waliamka alfajiri wakajaza chini, wakatuachia sisi juu tukaungue!

Soli: Joto gani, Barafu. Acha kuuza friji. Hawa wametumia mchwa.

Shangazi: Mchwa?

Soli: Wa kufundishwa. Sikilizeni. Karatasi ya kura ina picha ngapi? Mbili. Kufuli na ngazi. Kufuli ni nini? Chuma. Ngazi ni nini? Mti! Sasa mfungulie mchwa kwenye sanduku. Atakula nini?

Barafu, mtu mzima mwenye wajukuu wanne, alitikisa kichwa taratibu, akakiri kwamba hilo hakuwa amelifikiria.

Wakili: Mimi nitawaambia ukweli, mkitaka mnipige. Mikono yenu. Huyu ana grisi, yule ana gundi, huyu rangi. Mkishika karatasi ya serikali na mikono hiyo, lazima iharibike. Kura inataka mikono iliyonyooka.

Soli alishika nyundo ya viatu. Shangazi alishika birika.

Shangazi: Nyundo chini. Mkipigana hapa nawamwagia. Na mjue kahawa imechemka.

Nyundo ikashuka. Nikaona sasa ni zamu ya mtaalamu.

Mimi: Nyote mnapiga domo. Anayejua mambo ya alama hapa ni nani? Nani anaishi kwa rangi? Ni wino, jamaa zangu. Zile kalamu za kituoni mlizishika? Zilikuwa nzito. Ule ni wino unaochelewa kukauka. Unaweka alama yako safi, unakunja karatasi, alama inajibandika upande wa pili. Ukikunjua, kuna alama mbili! Na ule wino umetengenezwa na mtu mwenye akili. Unaruka ukiwa kwa Ngazi, ukiwa kwa Kufuli unatulia.

Soli: Wino unajua chama?

Mimi: Wino wa ng'ambo, Soli. Wewe umezoea kiwi ya kopo.

Walicheka, ila kicheko cha hasira, kile cha meno ya mbele tu. Kisha Shangazi akasema jambo ambalo lilinikera kidogo.

Shangazi: Au pengine watu wenyewe hawakujua kupiga.

Mimi: Shangazi! Watu wa mtaa huu? Mimi nikiwepo?

Sasa nieleze kibao. Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi lilipita gari la tume lenye spika. Lilipita mara moja tu, mbio, katikati ya honi, likisema: "Mpiga kura atatia alama katika nafasi iliyotengwa mkabala na mgombea amtakaye." Basi. Likaenda. Watu wakatazamana. Mama mmoja akaniuliza, mwanangu, wamesemaje? Nikamwambia niachie mimi. Siku hiyo hiyo nikachukua ubao wa plaiwudi, urefu wa mlango wa kabati, nikachora karatasi ya kura kubwa kama shuka. Kwenye ngazi nikaweka tiki ya kijani, ndefu kama mkono wangu, ina kivuli, ina mng'aro. Kwenye kufuli nikaweka X nyekundu. X ya maana, si ile takataka ya manispaa: mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi kidogo, ndiyo saini yangu katika X. Chini nikaandika FANYA HIVI. Nilipokitundika watu walipiga vigelegele. Nilisimama juu ya benchi nikawaambia, miaka yote wanatuwekea sisi X, leo tunawawekea wao! Abomolewe anayebomoa! Walikuja mitaa mitatu. Bibi walikuja kwa mikongojo. Nikakata stensili, nikatoa nakala ndogo za kuweka mfukoni, bure, rangi yangu mwenyewe. Nisifiche, nilijiona kama waziri.

Mimi: Nani hapa hakufundishwa? Barafu, hukufundishwa?

Barafu: Mara mbili. Mara ya pili nilikuja na mke wangu.

Soli: Mimi nakala ninayo mpaka leo kwenye kisanduku cha misumari. Shangazi, usimlaumu kijana. Kama wote wangefundisha kama Brashi, Kufuli wangebaki na kiti cha mlinzi.

Mimi: Asante. Basi kama sisi tulipiga sawasawa, nani aliziharibu? Nani alikuwa wa mwisho kuzishika?

Soli: Karani!

Barafu: Makarani! Ndio waliotuuza!

Hasira ilikuwa imepata mlango wa kutokea. Barafu aliingia kibandani kwake akatoka na nondo. Soli alisema anamjua mtu anayejua wanakokaa makarani wa kituo chetu. Mimi nilichukua kopo la rangi nyekundu, nikalifungua kwa bisibisi, nikaliweka miguuni mbele ya watu wote na brashi pana juu yake.

Mimi: Naapa mbele ya Shangazi. Aliyeharibu kura zetu nikimpata, nampaka X usoni. Kuanzia paji mpaka kidevu. Atembee nayo mjini, akikutana na tingatinga limfahamu.

Shangazi hakucheka. Alikuwa anaitazama X ya kwenye ukuta wake, pale kwenye msumari anapotundika kanga yake.

Shangazi: Siku thelathini. Nikishatoka hapa, baba, nitaketi wapi?

Barafu aliitazama nondo yake, maana jibu la swali hilo halikuwa la nondo.

Ndipo akaja yule mwanamke. Mwembamba, sare ya walimu wa chekechea, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kamba imekatika.

Mwanamke: Habari za hapa. Fundi viatu ni nani?

Soli: Fundi amefunga. Leo tuna msiba.

Mwanamke: Poleni. Nani amefariki?

Barafu: Jimbo.

Shangazi: Usiwasikilize, mwalimu. Kaa unywe kahawa. Soli, mshonee mtoto wa watu kiatu.

Akakaa katikati, juu ya tundu la kitasa, hakuna aliyemwonya. Soli akachukua kiatu kwa kununa. Mwalimu akapokea kikombe, akainua macho, akakiona kibao changu. Akakitazama. Kikombe kikasimama nusu ya safari ya kwenda mdomoni. Nilivyo mimi, nikaweka kola sawa.

Mimi: Tazama tu, mwalimu. Kutazama hatutozi kiingilio.

Hakunigeukia.

Mwalimu: Nilikuwa karani wa kituo hiki cha kwenu.

Nondo ya Barafu iligonga chini, ngaa!

Barafu: Wewe! Umetuletea mwenyewe! Kura zetu mmezifanya nini?

Soli: Mmezimwagia nini? Sema! Mia mbili na kumi na mbili!

Mwalimu: Naam, mia mbili na kumi na mbili. Nilizishika moja moja. Mnadhani nyie ndio mna hasira? Mimi nililia mbele ya polisi.

Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha watoto thelathini. Barafu akajikuta amekaa.

Mwalimu: Zilikuwa na tiki kwenye ngazi, na X kwenye kufuli.

Barafu: Ndiyo! Sasa?

Mwalimu: Alama mbili, baba yangu. Inatakiwa moja. Moja tu, kwa yule unayemtaka, na wa pili unamwacha mtupu. Ukiweka mbili inahesabiwa umewachagua wote, inatupwa.

Soli: Hata kama ya pili ni X?

Mwalimu: X ni alama. Tiki ni alama. Ungechora ua, ni alama. Sheria haijui kama nyie mnaiogopa X. Nilimwambia msimamizi, jamani, mtu aliyefanya hivi, anachotaka mbona kinaonekana? Nilibishana mpaka sauti ikakauka. Akanifungulia kitabu akanionyesha kifungu. Ikaja ya pili hivyo hivyo. Ya kumi. Ya hamsini. Ya mia.

Wakili alivua kofia. Aliizungusha mikononi kama anatafuta mahali ilipoanzia.

Wakili: Alama mbili... Hata mimi niliweka mbili.

Soli: Wewe? Wewe Wakili wa Kufuli?

Wakili: X yangu ni kubwa kuliko yako, umesema mwenyewe. Unadhani mimi sina macho?

Ingekuwa siku nyingine tungemtania mpaka jioni. Hakuna aliyecheka. Soli alikuwa anavuta uzi kwenye kiatu cha mwalimu, anavuta, anavuta, na uzi ulikuwa umeshakaza zamani.

Mwalimu: Kinachoniuma ni kwamba niliwauliza. Kila aliyeingia nilimuuliza, unajua namna ya kuweka alama? Wote wakasema tunajua! Wengine walinicheka. Kuna bibi mmoja alinipiga begani akaniambia, mwanangu, sisi tumefundishwa na mtaalamu.

Shangazi aliacha kupepea jiko.

Mwalimu: Mimi nafundisha watoto. Kosa la kila mtoto lina sura yake. Huyu anageuza herufi, yule anaruka mstari. Makosa haya yalikuwa na sura moja. Hata X zenyewe zilifanana, mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nikajua kuna mtu kawafundisha. Nikasema huyo katumwa, haiwezekani mtu mzima awapoteze watu wote hawa bila kutumwa. Siku ya tatu leo natembea mitaa hii natazama kuta.

Akanyoosha kidole juu.

Mwalimu: Hiki kibao amekichora nani?

Swali hilo mtoto wa miaka miwili wa mtaa huu angelijibu. Jina langu liko kwenye kona ya chini ya kibao, BRASHI, herufi zenye kivuli. Lakini Soli alikuwa amekaa pale pale, kichwa chake kimeliziba jina, na naapa alikinyanyua kichwa kidogo ili kizibe vizuri. Barafu aliangalia redio. Wakili aliangalia ndani ya kofia. Shangazi aliangalia mkaa. Nami, ambaye mwezi mzima nilikuwa nawasimamisha wapita njia niwaambie ni mimi, ni mimi, niliangalia chini nikakutana na kopo la rangi nyekundu, wazi, na brashi pana juu yake.

Mwalimu alisubiri. Alinywa kahawa yake, akasubiri tena. Kisha akavaa kiatu.

Mwalimu: Kishusheni basi. Kuna uchaguzi mwingine miaka mitano ijayo.

Barafu: Sisi tuna siku thelathini, mwalimu.

Mwalimu aliweka kikombe benchini. Akamshukuru Soli, ambaye alikataa hata kutaja bei, akaondoka upande wa shuleni akichechemea kana kwamba kiatu hakijashonwa.

Tukabaki. Soli hakugeuka kunitazama. Aliunyoosha mguu wake wenye ngazi kwenye soli, akalisukuma kopo la rangi taratibu, likakwaruza sakafu, mpaka likagusa kidole changu. Barafu akainama karibu yangu. Sauti yake ilikuwa chini, sijawahi kuisikia chini hivyo.

Barafu: Sema walikununua.

Mimi: Nini?

Barafu: Sema Kufuli walikununua, Brashi. Nakuomba. Nitakupiga, nitakuvunja, halafu yataisha. Nitajua pa kuipeleka hasira hii.

Mimi nina majibu. Mtaa mzima unajua. Nimewahi kumjibu polisi mpaka akasahau alinikamatia nini. Nikafungua mdomo nikitegemea jibu litoke lenyewe kama siku zote.

Mimi: Hakuna aliyeninunua. Gari lilisema mkabala. Sikujua mkabala ni nini. Sikutaka muone kwamba sijui.

Barafu alikaa vile vile alivyoinama. Kisha akainuka, akaichukua nondo yake, akairudisha ndani, na tukamsikia huko ndani akiitupa juu ya mabati.

Shangazi akachukua birika. Akammiminia Soli. Akammiminia Wakili, ambaye bado alikuwa anazungusha kofia, akamshikia kikombe. Akaenda mpaka mlangoni kwa Barafu akamwekea cha kwake juu ya friji, kando ya redio. Akarudi akasimama mbele yangu, nami nikainua kikombe changu.

Shangazi: Imekwisha, Brashi.

Tangu nizaliwe hajawahi kuniita Brashi. Akaliweka birika mezani, chini ya ile X, na kahawa ikacheza ndani yake, nzito, ikaruka ikamwagika mdomoni mwa birika, bado inatoa moshi.